Chembe sahani hazisubiri kampeni

Ndugu Mhariri,

Kila Juni 14, Siku ya Wachangia Damu Duniani, mahema husimamishwa viwanjani, foleni hujaa, nasi hutoka pale na soda mkononi tukiwa na furaha. Mimi ni mmoja wao na nitaendelea kwenda. Lakini chembe sahani zilizotolewa siku hiyo, zile zinazogandisha damu, hazimfai mgonjwa wa Juni 20.

Seli nyekundu hukaa kwenye jokofu wiki tano au sita. Plazma, yaani majimaji ya damu, ikigandishwa hufika mwaka. Chembe sahani hazitaki baridi: huwekwa kwenye nyuzi joto 20 hadi 24, zikitikiswa usiku na mchana, na kwa kawaida baada ya siku 5 hutupwa. Katika siku hizo hizo damu lazima ipimwe virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende.

Haya nimeyajulia wodini. Dada yangu aliugua saratani ya damu. Alipoanza dawa, chembe sahani zake zilishuka hadi 8,000, wakati mtu mwenye afya huwa nazo 150,000 hadi 450,000 katika tone dogo lile lile la kipimo. Fizi zilivuja mpaka khanga ya kujifutia ikabadilishwa mara tatu usiku mmoja. Tukaambiwa tutafute watu, kwani zikitolewa kwenye damu ya kawaida, dozi moja ya mtu mzima huhitaji wachangiaji 4 hadi 6. Tuliita binamu, majirani, vijana wa bodaboda wa kijiweni kwetu. Mmoja alirudishwa kwa kuwa alimeza aspirini jana yake kwa ajili ya jino, nayo hudhoofisha chembe sahani. Mwingine wingi wa damu yake haukutosha. Wakapatikana watano, tukamshukuru Mungu.

Siku ya nne daktari akasema zimeshuka tena.

Wale watano walishatoa. Mwanamume hukaa miezi mitatu kabla ya kutoa tena, mwanamke minne. Ukoo ulikuwa umekwisha. Dada alitutoka miezi saba baadaye kwa ugonjwa wenyewe, simlaumu mtu, lakini zile simu za saa nane usiku sizisahau.

Ndiyo maana naandika kuhusu aferesisi. Mchangiaji hukaa kitini saa moja na nusu hivi, damu yake huingia kwenye mashine inayoizungusha, chembe sahani hubaki kwenye mfuko, maji ya manjano yenye ukungu, na seli nyekundu humrudia mwilini. Nimewahi kukaa kwenye kiti hicho. Midomo iliniwasha kidogo kwa sababu ya dawa ya kuzuia damu isigande, ambayo hushika kalsiamu. Muuguzi akapunguza kasi, ikatulia. Mtu mmoja hutosha dozi nzima, na kwa kuwa seli nyekundu zimerudi, nchi nyingi humruhusu kuja tena baada ya wiki 2, nyingine mapema zaidi. Mashine hizi nazo zina historia ya mzazi aliyehangaika kama sisi: mhandisi wa IBM, George Judson, ambaye mwanawe aliugua saratani ya damu mwaka 1962, alikwenda kuwasaidia wataalamu wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani kuiunda ya awali.

Ombi langu kwa wasimamizi wa damu salama na hospitali zenye mashine hizi: wekeni orodha ya watu wa kudumu, waliokwisha kupimwa, wanaopigiwa simu kwa zamu. Watu 28, kila mmoja akija mara moja kila wiki 2, ni dozi 2 kila siku ya mwaka, Ramadhani na likizo za shule zikiwemo, wakati mahema yanapokosa watu. Waajiri watoe ruhusa ya asubuhi moja. Na ndugu wa mgonjwa wabaki kitandani pake, badala ya kuzunguka vijiweni wakiomba damu.

Naomba jina langu liwe la kwanza kwenye orodha hiyo. Nina kilo 71, mishipa yangu inaonekana vizuri, na kwa kuwa nafanya zamu ya usiku, asubuhi yoyote nipo.

Mchangia damu,
Temeke, Dar es Salaam