Pikapu ikigoma kuwaka asubuhi ya baridi, usikimbilie betri mpya

Ikifika Juni, gereji yetu hapa Uyole, Mbeya, hujaa pikapu za dizeli zilizovutwa kwa kamba. Nyingi ni Hilux za zamani za injini ya 2L, 3L na 5L (hayo ni majina ya injini, si lita), zile zinazoshuka na viazi kutoka Isyonje na kurudi na mbolea. Na karibu kila mwenye gari anakuja na jibu lake tayari: "Fundi, betri imekufa, nifungie nyingine." Kumfungia ni kazi ya dakika kumi. Lakini kama shida haikuwa betri, hela yake imekwenda bure na msimu wa baridi bado mrefu, kwa hiyo tunaomba tupime kwanza.

Gari iliyolala usiku mzima inatakiwa isome volti 12.6 au karibu na hapo. Ikisoma 12.0, betri iko tupu, na tupu si lazima iwe mbovu. Tunaiwasha kwa kuazima umeme wa gari lingine, kisha tunapima tena injini ikiunguruma. Kati ya 13.8 na 14.4, alteneta, yaani jenereta ya gari, inachaji vizuri. Ikibaki kwenye 12 na kitu, hata ukifunga betri ya bei kubwa kuliko zote za soko la Mwanjelwa, itaisha njiani. Hapo tafuta kaboni za alteneta zilizokwisha, au fani belti iliyolegea. Belti iliyolegea huwa inalia asubuhi kwenye umande, watu wakaizoea.

Kinachotusumbua zaidi kwenye gari kuukuu ni waya wa ethi. Injini imekaa juu ya raba, haigusani vizuri na bodi wala chasisi, kwa hiyo umeme wa stata (mota inayozungusha injini wakati wa kuwasha) unarudi kwenye betri kupitia waya mmoja mnene, au kipande cha waya wa kusuka. Miaka ishirini ya matope na maji, waya ule unaliwa ndani ya ganda lake. Ukiutazama kwa nje unaona mzima. Ukiwasha funguo, stata inasema "ta!" na kunyamaza, au inazungusha injini kwa uvivu huku taa za dashibodi zikififia. Stata inashushwa, inafunguliwa, inarudishwa, na shida iko palepale.

Kipimo chake unaweza kukifanya mwenyewe nyumbani. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri (gusa nguzo yenyewe, usiguse terminali, yaani kichwa cha waya kilichofungwa juu yake), ncha nyingine kwenye chuma kisafi cha injini. Mwambie mtu awashe. Mita ikipanda kupita nusu volti, ethi ni mbovu. Huna mita? Chukua waya mnene wa kuazimia umeme, unganisha nguzo hasi moja kwa moja na chuma cha injini, washa. Stata ikizunguka kwa nguvu, umepata mgonjwa wako, na dawa yake ni waya mpya na kusugua chuma mpaka king'ae pale unapofungwa.

Kama stata inazunguka vizuri lakini injini haishiki, hilo ni jambo lingine. Dizeli haina cheche. Inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na chuma kikiwa cha baridi joto hilo linamezwa. Ndiyo maana kuna hita plagi nne za kupasha ndani kabla ya kuwasha. Mbili zikifa, gari itawaka kwa kutetemeka, moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, kisha baada ya muda inatulia kana kwamba haikuwa na neno. Tunazifungua waya na kupima moja moja. Iliyokufa haipitishi umeme kabisa. Tafadhali usiinusishe injini petroli kwa kitambaa. Mlipuko wake unakuja kabla ya wakati na unaweza kuvunja pistoni.

Wapo wanaolaza gari mlimani ili asubuhi waiachie iteremke, wapige gia ya pili. Hili tunalikataza kwa nguvu zote. Kwenye injini hizi, pampu inayovuta hewa ya kusaidia breki imefungwa mgongoni mwa alteneta. Injini isipozunguka, unabakiwa na akiba ya kukanyaga mara chache tu, halafu pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Na ndiyo sababu nyingine ya kuheshimu belti: ikikatika unaposhuka mteremko wa Iwambi ukiwa umebeba, taa ya chaji ikawaka, usiseme "nitafika tu." Simama mapema, breki bado zikiwa na nguvu.

Kuhusu kuchemsha, wateja wanaopanda Chimala kwenda Matamba kwa zile kona hamsini na saba wanalijua vizuri. Wengi wanakuja wakiwa na hofu ya gasketi ya silinda hedi, na kweli wakati mwingine ni gasketi. Lakini anza na mfuniko wa rejeta. Kwenye mwinuko wetu wa mita 1,700 hivi, maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 94, si 100. Mfuniko mzima ulioandikwa 0.9 (kiwango cha mgandamizo) unayabana mpaka yavuke nyuzi 110 bila kuchemka. Raba yake ikichoka, kinga hiyo imeondoka, na mfuniko ni spea ya bei ndogo. Thamostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, nayo irudishwe kama iliwahi kutolewa. Bila hiyo, kwenye baridi hii, injini inatembea bila kupata joto lake, inakula dizeli na kujichakaza. Moshi mweusi kidogo ukipanda mlima usikutishe sana kama injini haina tabo (turbo), maana hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Dar. Usikubali tu mtu aongeze dizeli kwenye pampu ili "ipate nguvu."

Taa za nyuma: ukikanyaga breki na indiketa nayo ikawaka kwa mbali, ni ethi tena, ya upande huo. Anayebeba mbolea za chumvichumvi afagie na kuosha karoseri kila anaposhusha. Punje zinazomwagika zinanyonya unyevu na kula shaba ya nyaya haraka sana.

Ukiamua kuileta, ilete jioni ilale hapa. Tunataka kuisikia ikiwashwa saa kumi na mbili asubuhi, ikiwa ya baridi kweli, kwa sababu saa sita mchana ugonjwa unakuwa umejificha. Usioshe injini kwanza, alama za maji na oili zinatuonyesha pa kuanzia. Kama gari inaendeshwa na kijana wako, mje naye, yeye ndiye anayejua ilianza lini. Betri, chaji, ethi na hita tunavipima kwa mkupuo mmoja, na utaonyeshwa namba kwenye mita kabla hatujakuagiza spea yoyote.