Kwa Shangazi, kuhusu Malkia Anne Boleyn

London, Jumapili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, na watoto wanakuamkia. Uliniuliza kama nimefika Mnara wa London, ngome alimouawa Anne Boleyn, ukaongeza kwamba alivuna alichopanda kwa kumpokonya mwenzake mume. Nimefika juzi, nami naomba nikupinge kwa adabu, ingawa si kwa yote.

Malaika hakuwa. Alikuwa mhudumu wa Malkia Catherine, aliyeolewa na Henry wa Nane, mfalme wa Uingereza, tangu 1509, na alipokwisha kukikalia kiti chake alimtesa hata Mary, binti wa mke mkubwa. Lakini mengi ya maovu yake tumeyapata kwa Eustace Chapuys, balozi wa Kaisari Charles wa Tano, mpwa wa Catherine, na balozi huyo katika barua zake alimwita Anne suria. Ushahidi wa namna hiyo, wewe uliyefundisha historia, ungeutilia kalamu nyekundu.

Sasa tazama tarehe. Alitawazwa 1 Juni 1533, na Septemba akamzaa Elizabeth, ilhali mfalme alikuwa akingojea mwana wa kiume. Januari 1536 mimba ikaharibika. Tarehe 2 Mei alikamatwa, na tarehe 19 akakatwa kichwa kwa upanga, baada ya kushitakiwa kwa uhaini na kuzini na wanaume watano, mmoja wao akiwa George, ndugu yake wa tumbo moja. Hati ya mashitaka ilitaja siku na mahali pa kila tendo, lakini wanahistoria walipolinganisha waliona kwamba katika siku nyingi kati ya hizo mmoja wa watuhumiwa alikuwa mahali pengine kabisa. Kati ya wanaume hao alikiri mmoja tu, Mark Smeaton, mpiga muziki asiye na ukoo wa kumtetea. Na aliyesimamia kesi ya Anne ni Dyuki wa Norfolk, mjomba wake, ndugu wa mama yake hasa, mtu ambaye kwetu ndiye wa kukimbiliwa.

Jeneza halikuandaliwa, walimlaza katika kasha la mishale, wakamzika katika kanisa dogo lililo ndani ya ngome hiyo hiyo. Siku kumi na moja baadaye Henry alimwoa Jane Seymour.

Catherine, aliyeachwa kwa kukosa mrithi wa kiume, umekuwa ukimwita mwonewa. Huyu naye tumwiteje, Shangazi?

Ni mimi mwanao,
Rehema