Kwani marehemu naye lazima awe na kura?

Bwana Mhariri,

Mara ya mwisho kuwaandikia ilikuwa mambo ya feri Likoni na hamkuichapisha, nikanyamaza miaka yote hii. Lakini ile habari yenu ya mheshimiwa aliyefuta machozi jukwaani akiwalilia "wote wanaokufa vitani" imenikaa kooni. Wote gani? Mwandishi wenu hakuwa na hata swali moja?

Mimi nahesabu mifuko ya chai kwenye godauni Shimanzi. Sudan sisi twaijua, ni katika wanunuzi wetu wakubwa wa chai. Februari 2025 serikali yetu ikawaachia RSF, wale wapiganaji wanaopigana na jeshi la Sudan, na wenzao wakutane KICC, ukumbi wa mikutano Nairobi, tukaambiwa ati ni mambo ya amani, mwezi uliofuata Sudan ikazuia bidhaa za Kenya, chai ikiwemo, ndipo waheshimiwa wakakumbuka kusikitika. Walikuwa wanalilia mifuko bana. Na mimi nilikaa nyumbani wiki 2 bila kazi, siwezi kusema haikuniuma, lakini vita vilianza Aprili 2023, muda wote huo walikuwa wapi?

Sasa sikiza kilichonichoma. Nina jirani hapa Majengo, mtu wa Darfur huko Sudan, kwao mji wa El Fasher. Mji ukazingirwa na hao hao RSF zaidi ya siku 500, ukaanguka Oktoba 2025, Shirika la Afya Duniani likasema limepata ripoti za watu zaidi ya 460 waliouawa kwenye hospitali moja ya uzazi, wagonjwa na waliokuwa wakiwauguza, na huyu jirani siku 9 anapiga simu ya dadake haiingii, siku ya 10 akaletewa habari ambayo sote tulishaijua ila hakuna aliyetaka kuisema. Tukachanga, tukapanga hitma, nikatumwa mimi nikamwalike mwanasiasa mmoja, kwa sababu huyo huyo ndiye aliyekuja kwenye maandamano ya Gaza na skafu shingoni akalia mpaka maiki ikalowa, na mimi nililia naye na Gaza nitailia tena wallahi. Msaidizi wake akaniuliza, hao Wasudani wako wangapi hapo mtaani? Nikamwambia ni familia moja. Akauliza wana vitambulisho vya Kenya? Vitambulisho! Yaani maiti ya El Fasher ipitie kwanza kwenye daftari la wapiga kura ndio isomewe Yasini? Hakuja. Kesho yake zikaletwa katoni 2 za maji, kila chupa ina picha yake anacheka.

Na msidhani ni huyo peke yake. Februari 2022 balozi wetu Martin Kimani aliitetea Ukraine pale Umoja wa Mataifa, nikajisikia Mkenya kweli. Israel iliposhambuliwa Oktoba 7, 2023, salamu za Rais kwao zilitoka upesi. Sudan ni jirani wa majirani zetu, inapata vikao tu. Hata wanajeshi wetu waliouawa El Adde, Somalia, Januari 2016, idadi tulikuwa tukiiokota kwa redio za nje.

Halafu hii tabia ya kushika maiki mazikoni mtaikomesha lini? Watu wana udongo mikononi, mtu ashuka kwa Prado kachelewa, aanza kutuhesabia barabara alizojenga. Babangu alizikwa hivyo hivyo, imamu akimtazama tu.

Mimi nasema kila mheshimiwa anunuliwe daftari la kurasa 96, lile la shule, aandike kila maiti aliyemlilia, tarehe na wa nchi gani, imamu alikague mlangoni. Asiye na ukurasa wa Sudan aruhusiwe kula pilau lakini maiki asipewe, kuanzia Likoni mpaka Mtwapa.

Na tafadhali, mkiipunguza hii barua msiikate pale kwenye vitambulisho.

Mhesabu mifuko,
Majengo, Mombasa