Risala ya Wanafunzi wa Mafunzo kwa Vitendo katika Asasi ya Vijana kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Viongozi wa asasi iliyotupokea,
Wahadhiri, wazazi na wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyo nayo. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, asasi tuliyofanyia mafunzo inawahudumia vijana waliokatiza masomo na wanaotafuta kazi. Darasani tulikuwa tumesoma Ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, inayompa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Kule tuliikuta ikifanyiwa kazi: ratiba ya mwezi haipiti mpaka kamati ya vijana wenyewe iijadili. Waliwahi kuiondoa mada tuliyoiandaa, wakaweka ya kwao: namna ya kudai ujira kwa mwajiri anayekupiga danadana. Hatukushiriki mjadala mwingine mzito kama ule.

Tulijifunza pia taratibu za ndani za asasi. Kumbukumbu za ushauri nasaha huandikwa kwa namba, si kwa jina, na kabati hufungwa kabla mshauri hajanyanyuka kitini. Mtoto akieleza kwamba anadhulumiwa, hakuna ruhusa ya kumwahidi siri. Unamweleza kwa upole nani lazima ajue na kwa nini, kisha taarifa inamfikia afisa wa ulinzi wa mtoto siku hiyo hiyo.

Lililotugusa kuliko yote ni sanduku la maswali, ambamo vijana hutumbukiza karatasi zisizo na majina. Tulitarajia maswali ya mahusiano na ajira, na kweli yalikuwemo. Lakini karatasi moja, iliyokunjwa na kukunjwa tena hadi ikawa ndogo kama punje ya hindi, iliuliza kama na sisi tutaondoka kama wale waliotutangulia.

Ombi letu kubwa linatoka hapo. Mafunzo hupangwa kwa kalenda ya chuo. Kijana aliyekwisha kuachwa na wengi huhitaji wiki kadhaa kuizoea sura ngeni, na anapoanza kufunguka, sisi tunafunga mabegi. Hatuoni kuwa hiyo ni haki kwake, hata kama ripoti zetu zinapata alama nzuri.

Kwa hiyo tunaomba utusemee ili muda wa mafunzo uongezwe, na vikundi vipishane kwa wiki chache, wanaoondoka wawakabidhi vijana kwa wanaoingia ana kwa ana. Tunaomba pia msimamizi kutoka chuoni afike mapema, wakati ushauri wake bado unaweza kutusaidia, na tupatiwe nauli ya kutembelea familia za vijana.

Tunawashukuru kwa dhati wasimamizi wetu wa asasi, waliotuvumilia na kutuamini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wajumbe wa kamati ya vijana wamo humu ukumbini. Wameomba wapewe nafasi ya kusema yao wenyewe mara baada ya risala hii, nasi tunaunga mkono ombi lao.

Tunaomba kuwasilisha.