Ukinyonywa mafuta kwa ganzi, usiku usilale peke yako

Mhariri, habari za kazi. Naomba kanafasi niongelee haya matangazo ya kunyonya mafuta ya tumbo yaliyojaa kwenye simu zetu, yale ya hakuna nusu kaputi, unapigwa ganzi tu, unapiga stori na daktari huku kazi inaendelea, jioni uko kwako unapika.

Mdogo wangu akayaamini akaenda Arusha, kliniki siitaji. Saa tatu asubuhi wakaanza kumjaza ganzi, saa kumi akapanda kosta kurudi Moshi peke yake, njia nzima anachati na mimi vizuri tu. Sasa saa tatu usiku tunakula akasema dada mdomo unakufa ganzi, masikio yanavuma, nikajua ni uchovu wa safari, mara mkono ukaanza kutetemeka mpaka kijiko kikadondoka, ndo tukakimbia hospitali na bajaji.

Daktari wa zamu cha kwanza akauliza, walikupima uzito? Wapi. Waliuliza kilo ngapi, na yeye akataja za mwaka juzi.

Mimi nauza mitumba Kiboriloni, sio daktari, ila alivyonieleza nilielewa. Hii sio ganzi ya kung'oa jino. Wanachukua maji ya dripu, wanachanganya na lignokeini, ndiyo dawa yenyewe ya ganzi, na adrenalini kidogo, wanakujaza chini ya ngozi lita kadhaa mpaka tumbo linakuwa gumu kama tikiti. Njia yenyewe aliibuni daktari wa ngozi wa Marekani, Jeffrey Klein, miaka ya 1980, na ni nzuri jamani, damu inatoka kidogo na zile hatari za nusu kaputi unaziepuka. Lakini adrenalini inabana mishipa, kwa hiyo dawa inaingia kwenye damu polepole, na wakinyonya mafuta dawa inayotoka nayo ni kidogo, nyingine unaondoka nayo mwilini. Inakuja kufika kileleni masaa kama 12 baadaye, yaani kliniki wameshafunga na wewe uko mezani kwako!

Halafu hesabu. Ganzi ya kawaida yenye adrenalini mwisho ni miligramu 7 kwa kila kilo ya mtu, kwenye hii Klein alikadiria 35, wengine wanafika 55. Mdogo wangu ana kilo 58, zidisha kwa 35 ni 2,030, na lita moja ya mchanganyiko inaweza kubeba miligramu 1,000, sasa lita ya tatu ishapita hapo, bila mzani unajuaje? Isitoshe alikuwa kwenye dozi ya erithromaisini ya kifua, ambayo inalichelewesha ini kuiondoa lignokeini, na hakuna aliyemuuliza.

Tulilala pale wakimwangalia mapigo ya moyo. Eti sumu ya ganzi ikizidi dawa yake ni dripu ya mafuta, umelipa upunguzwe mafuta unaishia kuongezewa, nilicheka japo nilikuwa naogopa. Haikuhitajika, asante Mungu.

Ninachoomba wenye kliniki wampe mgonjwa karatasi, dawa kiasi gani na amejazwa saa ngapi, maana yule daktari alibaki anakisia.

Tumbo limepungua kweli, na sasa anataka kurudi kumalizia mapaja. Nimemwambia tutalala Arusha, na mzani nabeba wangu.

Muuza mitumba, Kiboriloni, Moshi