Barua kwa Neema, kabla hujapanda Meru

Ngarenanyuki

Mwanangu Neema,

Shikamoo yako nimeipata kwenye simu ya mama yako. Marahaba, mama. Na habari kwamba wewe na wenzako wa ofisini mnakuja kupanda Mlima Meru mwezi wa kumi na mbili nimeipata pia. Tangu siku hiyo usingizi unanipaa saa nane usiku, mama yako ananicheka. Nimeona niandike, maana kwenye simu ningeishia kukuuliza kama umenunua soksi.

Kwanza nina jambo la kukiri. Ulipokuwa darasa la nne uliandika insha, "Baba Yangu". Ukasema baba yako amefika kilele cha Meru mara mia moja. Mwalimu akaisoma mbele ya darasa, nawe ukaja mbio kunionyesha alama. Sikukusahihisha. Mwaka ukapita, ukapita na mwingine, na juzi mama yako ananiambia wenzako nao umewaeleza vivyo hivyo. Basi kabla hawajaanza kunipigia kuuliza njia, jua hili: kileleni sijawahi kufika. Hata mara moja.

Mimi nilikuwa mgumu. Ndivyo wapagazi tulivyoitana. Kazi ya mgumu ni kufikisha mzigo pale mgeni atakapolala, na Meru mgeni analala mwisho kwenye vibanda vya Saddle, mita 3,570. Kilele kiko mita 4,566. Hizo karibu mita 1,000 za juu zilikuwa za mgeni, kiongozi wake na askari wa hifadhi. Sisi tulibaki na masufuria. Usiku wa manane wakiondoka tulisimama mlangoni tukitazama vitochi vyao vya kichwani vikipanda kwa mstari, kama siafu waliobeba makaa, kisha tukarudi kulala, kwa sababu kukicha mzigo ni uleule.

Kwa hiyo ya chini ya Saddle nitakueleza kwa uhakika. Ya juu yake nitasimulia kama mtu anayesimulia harusi aliyokuwa jikoni.

Mtaanzia lango la Momella, kwenye mita 1,500 hivi. Pale tambarare mtakuta nyati na twiga, na msituni tembo, ndiyo maana askari anatembea nanyi na bunduki. Msimtangulie hata kama anatembea polepole. Zipo njia mbili. Ile fupi ndiyo ya wapagazi. Waombeni mpite ile ndefu, inayopita chini ya mtini mkubwa uliojipinda kama lango la boma, hata tembo anapita chini yake. Nimepita pale mara chache mno, maana mwenye sanduku la vyakula kichwani hazunguki ili aone mti. Wewe hakuna anayekusubiri upike.

Msituni tazama juu, utawaona mbega wakiruka na mikia yao myeupe. Miti imeota ndevu za kijani. Ukifika vibanda vya Miriakamba, mita 2,514, kunywa chai kwanza, kisha geuka uangalie mlima, kwa sababu pale ndipo unapoona kwamba Meru ni nusu. Ubavu wa mawio haupo. Wataalamu wanasema karibu miaka 8,000 iliyopita ubavu huo uliporomoka, mawe na matope yakasafiri kuelekea Kilimanjaro. Vile vilima vidogo mlivyokuwa mkichunga mbuzi, na maziwa ya Momella yenye heroe, vimekaa juu ya mabaki ya siku hiyo. Baadaye ndani ya shimo lililobaki ikaota koni ya majivu, mlima mdogo ndani ya mlima. Mara ya mwisho Meru ilitema majivu mwaka 1910. Wenzako wakisema volkano hii imekufa, waambie imelala. Iliyokufa ni Ngurdoto, ile tuliyokupeleka ukiwa mdogo ukalia kwa sababu hawaruhusu watu kushuka ndani kuwafuata nyati.

Na wakikuuliza kwa nini baba yako ana meno ya kahawia, waambie ni Meru huyohuyo. Maji yetu yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi nyingi. Nikicheka mjini Arusha, mtu anajua natoka upande gani kabla sijataja jina. Wewe uliponea kwa sababu shangazi yako alikuchukua Moshi mapema, na mpaka leo sijui kama nilimshukuru vya kutosha.

Siku ya pili ni ngazi. Ngazi, ngazi, halafu ngazi, mpaka Mgongo wa Tembo. Hapo ndipo yalipotokea ya mayai. Nilikuwa mgeni kazini, nikapewa trei mbili za mayai, wenyewe wakiona wananihurumia. Mayai ni mepesi kuliko gesi, lakini gesi ukianguka nayo unainuka nayo. Nilikanyaga mzizi, ngata ikachomoka, na nikakaa chini nikiwa nimeyakumbatia kama mtoto. Yalipona saba. Mpishi hakunigombeza. Alinitazama, akasema, "Leo wageni watakula uji," akaendelea kupanda. Ningependa angenitukana. Mpaka naacha kazi kwa ajili ya magoti, wenzangu walikuwa wakiniita Saba, na wewe ulidhani ni kwa sababu nilizaliwa wa saba.

Saddle kuna baridi ya kuuma meno. Mkifika mchana msijilaze. Kipo kilima cha jirani, Meru Ndogo, mita 3,820, kupanda ni kama saa moja. Mwili ukionja juu kisha ukalala chini, usiku haukusumbui sana. Huko mimi nimefika mara mbili, zote mbili mawingu yakaniziba macho. Nilichoona ni viatu vyangu.

Sasa ya juu. Nilijaribu mara moja. Kiongozi mmoja aliyekuwa na huruma aliniambia nivae niwafuate, nimsaidie kumbebea maji mgeni wake mzee. Niliazima koti. Tuliondoka saa saba usiku, na moyo ulikuwa unanienda mbio kuliko wa mgeni. Tulifika Rhino Point, wanasema palipatikana mifupa ya faru, nami nikajiuliza faru alitafuta nini huko. Hapo yule mzee akaanza kutapika. Akaketi kwenye jiwe akiongea maneno yasiyoshikana. Kiongozi alikuwa na wengine watatu wa kuwapeleka, akanitazama tu. Nilimshika mzee kwapa nikashuka naye gizani, hatua kwa hatua, akiniegemea. Kulipokucha tulikuwa tumekaa mlangoni Saddle, amepata nafuu, anakunywa chai ya tangawizi niliyomchemshia. Alinipa saa yake ya mkononi. Ndiyo ile uliyoiharibu ukiiweka kwenye beseni.

Wanaotoka juu wanasema baada ya Rhino Point njia inapita kwenye ukingo, mkono mmoja mteremko, mwingine genge la zaidi ya mita 1,000 kwenda ndani ya shimo. Usiku huoni kina chake, na wengi wanasema ni heri. Kichwa kikikuuma, sema. Ukitapika, shuka. Usiniletee habari za kujikaza, Neema, nakujua ulivyo mbishi. Kunywa maji hata kama husikii kiu.

Halafu wapagazi wenu. Waulize majina siku ya kwanza, si siku ya kupiga picha. Begi lako lipime nyumbani, na hicho kikaushia nywele ukiache Dodoma. Bahasha ya mwisho mkabidhi kila mmoja mkononi mwake. Siku zangu tulikuwa tukisikia tu kwamba wageni wametoa vizuri, na kilichotufikia kilikuwa kimepungua njiani kama maji kwenye mfereji wenye matundu. Mtu akikuambia mpe yeye atawagawia, mwambie umeahidi baba yako.

Mkibahatika na anga safi, mtaiona Kilimanjaro jua likichomoza. Tazama pia chini, kaskazini-mashariki. Kuna kijani cha mashamba ya nyanya na vitunguu, huko ni kwetu. Ndiyo ardhi babu yako aliyofukuzwa mwaka 1951, akiwa kijana, nyumba zikichomwa, Waingereza wakitaka kuwapa Wazungu wenzao mashamba. Mwaka uliofuata Mmeru mwenzetu, Kirilo Japhet, akapeleka malalamiko yetu Umoja wa Mataifa huko New York. Hayo unayajua. Nakukumbusha kwa sababu babu yako alikuwa akiutazama mlima huu kila asubuhi kutoka walikohamishiwa, akasema unaonekana umegeuza uso. Sijui alimaanisha nini. Labda ukiwa juu utaona.

Nimebadilisha bati la upande wa jikoni, ni jipya, linang'aa vibaya. Siku yenu ya kileleni nitakuwa uani saa kumi na mbili asubuhi na chai yangu. Najua hutaniona.

Jiwe usiokote, hairuhusiwi. Nakuomba kitu kimoja tu. Ile koni ya majivu, mimi nimeitazama kutoka chini miaka kumi na tisa, imekaa kama pia iliyopinduliwa. Pale Rhino Point nilikuwa juu yake kabisa, lakini ilikuwa giza na nilikuwa nimemshika mzee. Ukifika juu, kukiwa kumekucha, ichungulie vizuri uniambie: ncha yake imeziba, au ina shimo?

Baba yako,
Saba