Cheti cha deikea kipo ukutani, watoto wamezidi sebuleni

Mhariri,

Deikea za nyumbani, yaani vituo vya kulelea watoto mchana, zimejaa Dodoma. Pita Nkuhungu, Ilazo, Kisasa au Nzuguni, hukosi geti lililochorwa katuni. Nyingi zilifuata utaratibu na cheti kimetiwa kwenye fremu kabisa. Matatizo huja baadaye, mwenye kituo anapoanza kufanya mambo ambayo cheti hakikumruhusu, na mara nyingi hajui kwamba amekwisha kuvuka. Tunaomba nafasi tuonyeshe watu huvukia wapi.

Kwanza, kwa anayeanza. Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya 2009, haitaki mtu aendeshe kituo cha kulelea watoto mchana bila kibali. Mlango wa kuingilia ni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, lakini usiende mikono mitupu: pata barua ya serikali ya mtaa na, kama umepanga, idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Halafu mwite afisa afya kabla ya fundi rangi. Watu wanamaliza fedha kwenye vigae na michoro, kisha wanaambiwa choo kimoja kinachotumiwa na wapangaji wengine hakifai, na hapo hakuna hela iliyobaki ya kujenga kingine.

Cheti kikishatoka, kumbuka kimetolewa kwa nyumba ile, idadi ile na huduma ile. Ukihamia mtaa wa pili kwa sababu kodi imepanda, hujahama nacho. Mjulishe afisa ustawi mapema, nyumba mpya ikaguliwe kabla watoto hawajaingia.

Mpaka wa kwanza ni idadi, nayo ndiyo inayowaponza wengi. Hakuna anayeamka siku moja na kuongeza watoto kumi. Anaanza na mdogo wa mtoto aliyepo tayari, mama amebembeleza. Anafuata jirani mwenye msiba, “wiki hii tu”. Saa saba wanaingia wa darasa la kwanza wanaosubiri wazazi, na wenye nyumba nao wana wao wawili ambao hawamo kwenye daftari. Mwenye kituo anasema ana watoto kumi na wawili. Afisa anahesabu ishirini na moja. Kwa mkaguzi aliyesimama mlangoni kichwa ni kichwa, awe wa kulipa au wa shangazi.

Kipimo tunachotumia sisi ni hiki. Sebule ya mita 4 kwa 5 ina mita za mraba 20. Ondoa sofa, kabati na njia ya mlangoni, tuseme mita 6, inabaki 14. Mpe kila mtoto mita moja na nusu: ni watoto tisa. Afisa akikupangia pungufu ya hapo, hesabu yake ndiyo ya kufuata. Kwa wachanga usiangalie sakafu, angalia mikono. Moto ukitokea, mlezi mmoja anaweza kubeba wangapi akakimbia nao? Wawili, kwa shida watatu. Dada mmoja na wachanga sita ni hatari hata kama chumba ni kikubwa kama ukumbi.

Mpaka wa pili ni usiku. Wafanyakazi wengi wa hapa wanatoka ofisini saa tisa na nusu alasiri, ila mwenye safari ya kikazi atakuomba ubaki na mtoto mpaka kesho. Kulaza watoto si huduma ya mchana, na makao ya watoto yana leseni yake tofauti. Andika kwenye fomu ya kujiunga saa ya mwisho ya kuchukua mtoto, na jina la ndugu atakayekuja mzazi akikwama.

Wa tatu ni kibao cha getini. Deikea ikishaitwa shule, ikashonesha sare, ikatoa mitihani na ripoti za muhula, imeingia kwenye elimu ya awali, ambayo usajili wake uko upande wa wizara ya elimu. Wazazi ndio wanaosukuma huko. Wanataka mtoto wa miaka miwili na nusu alete daftari lenye vema nyekundu. Mlezi aliyesomea malezi atawaeleza kwamba mtoto huyo anajifunza kwa kupanga vifuniko vya chupa na kumimina mchanga. Asiyejua atampa kalamu ili ada isikimbie.

Tuje kwenye moto, maana nyumba zetu zina kasoro inayofanana: nondo kila dirisha, mlango mmoja wa kutokea, na geti la nondo lililofungwa kwa kufuli huku ufunguo uko mfukoni mwa dada aliyekwenda dukani. Mchana ondoa kufuli, weka komeo juu mahali asipofika mtoto. Kizima moto cha unga cha kilo 6 kinatosha kwa nyumba ya kawaida, lakini kitundikwe karibu na mlango wa kutokea. Tumeona vingi vimewekwa nyuma ya mtungi wa gesi, pale pale moto utakapoanzia. Mshale wa geji uwe kwenye kijani, na kila mlezi ajue kuchomoa pini. Namba ya zimamoto ni 114. Ibandikwe ukutani kwa maandishi makubwa. Juni na Julai, baridi ya Dodoma inapouma, kuna wanaoingiza jiko la mkaa chumba cha kulala na kufunga madirisha. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu na inaua waliolala. Wavishe watoto soksi na sweta.

Maji nayo. Kwa sababu ya mgao kila nyumba ina ndoo na mapipa, na mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama kwenye ndoo isiyojaa hata nusu, kwa kuwa kichwa chake ni kizito na hawezi kujinyanyua. Kila chombo kiwe na mfuniko, na tanki la ardhini liwe na kufuli. Ya kunawa weka kwenye kibuyu chirizi, chombo kinachotiririsha maji kidogo kidogo, usiweke beseni la wote.

Jikoni wakaguzi hutazama usafi, lakini sisi tungependa waulize unga umetoka wapi. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara, chanzo kikiwa mahindi. Karanga nazo hushika haraka, na uji wa lishe umejaa vyote viwili. Kuchemsha hakuiondoi. Chagua punje kwa mkono kabla ya kusaga, tupa zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi. Saga unga wa wiki mbili tu. Gunia likae juu ya chaga, mbali na ukuta. Mchanganyiko wa nafaka saba unaouzwa umeshasagwa hauna namna ya kuuchagua, hata ukisifiwa vipi.

Madaftari ni machache ila yasikosekane. La mahudhurio lioneshe saa ya kuingia, saa ya kutoka na nani kamchukua. Bodaboda wa kila siku ambaye jina lake halimo kwenye fomu haondoki na mtoto, mzazi apige simu kwanza. Weka nakala ya kadi ya kliniki na uangalie chanjo ya surua-rubela, ya miezi 9 na ya miezi 18. Hii ya pili ndiyo husahaulika. Dawa isitolewe bila mzazi kuandika jina la dawa, kiasi na saa. Picha za watoto kwenye makundi ya simu zinagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo omba idhini ya maandishi. Mlezi akiona dalili za ukatili kwa mtoto, namba ni 116, na apige yeye mwenyewe bila kungoja ruhusa ya mwenye kituo.

Kwa halmashauri tuna ombi moja. Afisa akishakagua, aache nakala yenye tarehe, sahihi, kasoro alizoziona na siku atakayorudi. Maagizo ya mdomo yanabadilika kila afisa akihamishwa, na mwenye kituo anayetaka kurekebisha hajui ashike lipi.

Walezi na wasimamizi wa vituo vya watoto,
Dodoma Mjini